Shajara ya C. S. Lewis (1922–1927) na Swali la Ushuhuda

1. Utangulizi

Wachungaji na wanafunzi wengi wa theolojia wanamfahamu C. S. Lewis kwa vitabu vyake vya kuitetea imani, hasa Mere Christianity cha mwaka 1952, na kwa hadithi za Narnia alizowaandikia watoto. Wengine wamesoma pia tawasifu yake, Surprised by Joy, iliyotoka mwaka 1955, ambamo anaeleza jinsi alivyotoka katika kumkana Mungu hata akafika kwa Kristo. Lakini ni wachache waliopata kuisoma shajara yake, yaani kumbukumbu za kila siku alizoziandika alipokuwa kijana, kuanzia tarehe 1 Aprili 1922 hadi tarehe 2 Machi 1927. Walter Hooper aliihariri na kuifupisha, nayo ikachapishwa mwaka 1991 kwa jina la All My Road Before Me, miaka 28 baada ya kifo cha mwandishi.

Shajara hiyo ina jambo la ajabu. Iliandikwa katika miaka ile ile ambayo Lewis, alipokuwa mtu mzima, aliieleza kuwa miaka ya Mungu kumwandama hatua kwa hatua. Hata hivyo, anayeifungua akitazamia kuona habari za Mungu atapekua kurasa nyingi bila kuzipata. Atakutana na habari za vyombo vya kuosha, kodi ya nyumba, mitihani, mafua, wageni na mashairi. Je, tunalielewaje jambo hili? Je, mtu aweza kuiona kazi ya Mungu ndani yake siku ile ile inapotendeka?

Swali hili si la wasomi wa fasihi peke yao. Tangu Uamsho ulipotoka Rwanda na kuenea katika Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, ushuhuda umekuwa na nafasi kubwa katika sharika zetu. Tumezoea kumsikiliza mkristo akisema, "Niliokoka siku fulani, mahali fulani." Wapo waliojaliwa kuwa na siku kama hiyo. Wapo pia washarika waaminifu wasioweza kutaja siku yoyote, nao huugua moyoni wakidhani wamepungukiwa. Mchungaji hana budi kuwa na neno la kuwaambia. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba shajara ya Lewis, ikisomwa pamoja na tawasifu yake, yaweza kutusaidia kulipata neno hilo.

2. Mwandishi na nyakati zake

Clive Staples Lewis alizaliwa Belfast, Ireland, tarehe 29 Novemba 1898. Babu yake mzaa mama alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana la Ireland. Mama yake alifariki kwa saratani mwezi Agosti 1908, mtoto akiwa na umri wa miaka tisa. Alipokuwa katika ujana wake aliiacha imani aliyolelewa nayo. Katika Vita Kuu ya Kwanza alifika kwenye mahandaki ya Ufaransa siku alipotimiza miaka 19, akajeruhiwa mwezi Aprili 1918, na kurudi Oxford mwanzoni mwa mwaka 1919 kuendelea na masomo.

Rafiki yake wa jeshini, Paddy Moore, aliuawa vitani mwaka 1918. Inasimuliwa kwamba vijana hao wawili walikuwa wameahidiana kuwa, mmoja akifa, aliyebaki atamtunza mzazi wa mwenzake. Lewis akaishi na mama yake Paddy, Bibi Janie Moore, aliyekuwa ametengana na mumewe, pamoja na binti yake Maureen. Wasomi wengi wanaamini kwamba katika miaka ya mwanzo uhusiano wa Lewis na mama huyo ulizidi ule wa mwana na mlezi. Kwa vyovyote vile, alimficha baba yake, Albert Lewis, jambo hilo, huku baba ndiye aliyekuwa akimtumia fedha za kujikimu. Hatuna sababu ya kulipamba jambo hili. Kijana yule alikuwa mwongo kwa baba yake. Lakini kijana huyo huyo aliubeba mzigo wa nyumba ile kwa zaidi ya miaka thelathini, hata Bibi Moore alipofariki mwezi Januari 1951.

Shajara inapoanza, Lewis ana miaka 23 na hana kazi. Alihitimu kwa daraja la kwanza masomo ya lugha na maandiko ya kale, kisha falsafa na historia ya kale mwaka 1922, kisha fasihi ya Kiingereza mwaka 1923. Hata hivyo nafasi ya kufundisha haikupatikana. Alisahihisha mitihani ya shule ili apate fedha. Mwaka 1924 alipewa kazi ya muda ya kufundisha falsafa, na mwezi Mei 1925 Chuo cha Magdalen, Oxford, kilimchagua kuwa mwalimu wa kudumu wa lugha na fasihi ya Kiingereza. Uprofesa aliupata baadaye sana, mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

3. Yaliyomo katika shajara

Msomaji atambue kwanza kwamba shajara hii haikuwa siri kamili. Lewis alikuwa na desturi ya kumsomea Bibi Moore yale aliyoyaandika. Basi tusidhani kwamba kila lililokuwa moyoni mwake limo kitabuni. Aidha, haikuandikwa mfululizo. Yako mapengo, mengine marefu.

Sehemu kubwa ni habari za nyumbani. Lewis anaamka, anasaidia kuandaa kifungua kinywa, anasoma, anakatizwa kwenda dukani, anarudi kusoma, anaosha vyombo, anapokea mgeni asiyetakiwa, anaandika shairi, anakwenda kulala. Bibi Moore anaonekana karibu kila siku, akitajwa kwa herufi moja tu. Wanahama nyumba mara kwa mara. Umaskini wao si wa njaa, ila ni umaskini wa kuhesabu kila senti na kuogopa barua ya mwenye nyumba.

Linganisha hayo na tawasifu ya mwaka 1955. Humo Bibi Moore hayumo kabisa. Lewis anamwambia msomaji waziwazi kwamba iko sehemu kubwa ya maisha yake anayoiruka, wala hana uhuru wa kuieleza. Hivyo tuna maandiko mawili ya mtu mmoja kuhusu miaka ile ile. La kwanza limejaa nyumba na karibu halina Mungu; la pili limejaa Mungu na halina nyumba. Anayesoma tawasifu peke yake aweza kudhani kwamba Lewis aliongoka katika chumba cha vitabu tu, kwa nguvu ya hoja. Shajara inatukumbusha kwamba zile hoja zilimjia mtu ambaye mikono yake ilikuwa katika maji ya kuoshea vyombo.

Kwa Mlutheri, hilo si jambo dogo. Martin Luther alifundisha kwamba wito wa mkristo hutimizwa katika kazi za kawaida anazomtendea jirani, na kwamba Mungu hujificha nyuma ya kazi hizo kama nyuma ya kinyago. Lewis wa mwaka 1922 asingeyasema maneno hayo. Lakini alikuwa anajifunza, pasipo kujua, kukatizwa kwa ajili ya mtu mwingine.

4. Matukio matatu

Tuangalie sasa matukio matatu ambayo shajara inayataja na ambayo Lewis aliyatazama tena baadaye.

(a) Ugonjwa wa Dkt. Askins. Mwanzoni mwa mwaka 1923 ndugu yake Bibi Moore, Dkt. John Askins, alishikwa na wazimu akiwa katika nyumba yao. Kwa muda wa majuma mawili hivi Lewis alikesha naye, akisaidia kumshika alipogaagaa na kupiga kelele kwamba anazama jehanamu. Muda mfupi baadaye daktari huyo alifariki. Askins alikuwa amevutwa na teosofia na mambo ya kuwasiliana na roho za wafu, mambo ambayo hapo awali yalikuwa yamemvutia Lewis pia. Kurasa za siku hizo ni za mtu aliyechoka na kuogopa. Mwezi Aprili 1923 alimwandikia rafiki yake wa utotoni, Arthur Greeves, akimwonya ajiepushe na mizimu na hata na tabia ya kujichunguza mno moyoni. Ashike kazi na mambo ya kawaida. Hakulitaja jina la Mungu kuwa dawa. Lakini tayari alikuwa ameona kwamba nafsi inayojitazama bila kikomo yaweza kuwa shimo.

(b) Kukutana na Tolkien. Tarehe 11 Mei 1926 Lewis alihudhuria mkutano wa walimu wa Kiingereza, na huko akakutana na profesa mpya wa Kiingereza cha kale, J. R. R. Tolkien, Mkatoliki. Shajara inamweleza kwa mzaha: mtu mdogo, mweupe, mwenye maneno mengi, asiye na ubaya wowote, ila anahitaji kutiwa adabu kidogo. Hayo tu. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 1931 huyo huyo Tolkien, pamoja na Hugo Dyson, alitembea na Lewis katika bustani ya Chuo cha Magdalen wakizungumza hata saa tisa za usiku, nayo mazungumzo hayo ndiyo yaliyomfungulia Lewis njia ya kumkiri Kristo. Mungu alikuwa amemleta shahidi wake chumbani, na aliyeletewa aliandika kwamba mgeni anastahili kofi.

(c) Mazungumzo na Weldon. Katika tawasifu Lewis anasimulia jinsi mmoja wa wakana Mungu wagumu kuliko wote aliowajua alivyoketi naye karibu na moto, mwanzoni mwa mwaka 1926, akasema kwamba ushahidi wa kihistoria wa Injili ni mzuri kwa namna ya kushangaza. Lewis anasema neno hilo lilimtikisa sana: ikiwa mtu mgumu kama huyu hayuko salama, yeye atakimbilia wapi? Jina la mtu huyo halitajwi, lakini wachambuzi wanaamini kuwa ni T. D. Weldon, mwalimu wa falsafa, ambaye anatajwa katika shajara tarehe 27 Aprili 1926. Ukurasa huo una sauti nyingine. Wanakubaliana kwamba katika Injili yako mengi yasiyoweza kuelezwa yakaisha. Kisha Weldon anadokeza kwamba yeye mwenyewe ni mkristo wa namna fulani, na Lewis anashangaa kwamba hakulidhania hilo kamwe. Hakuna mtikiso unaoandikwa.

Basi nani mkweli, Lewis wa mwaka 1926 au Lewis wa mwaka 1955? Ni vyema tusiwe wepesi wa kumhukumu mmojawapo. Yawezekana miaka ilimfanya mzee amkumbuke Weldon kuwa mgumu kuliko alivyokuwa usiku ule. Yawezekana pia kwamba kijana, aliyejua kuwa maneno yake yatasomwa nyumbani, hakuandika hofu yake, au hakuitambua bado kuwa ni hofu. Mbegu haitoi mlio inapoanguka udongoni. Aliyeisikia ni yule aliyekuja kuuona mti.

5. Kwa nini aliacha kuandika

Mwaka 1924 Lewis alisoma kitabu cha mwanafalsafa Samuel Alexander, Space, Time and Deity. Humo alijifunza kutofautisha kulitenda jambo na kulitazama tendo lenyewe. Mtu anayependa humtazama yule anayempenda. Akigeuka kuutazama upendo wake, wakati huo huo ameacha kumtazama mpendwa. Anayesali na kuanza kuangalia jinsi anavyosali, amekwisha kuacha kusali. Lewis aliliona wazo hili kuwa chombo cha lazima katika kufikiri kwake tangu hapo. Aligundua kwamba kwa miaka mingi alikuwa ameitafuta furaha ndani ya moyo wake, ilhali ile furaha ilikuwa kidole tu kinachoonyesha mahali pengine.

Hapo tunaweza kuelewa kwa nini, katika tawasifu, anamshukuru Mungu kwamba imani ilimponya na desturi ya kuandika shajara, ambayo anaiita upotevu wa wakati na upumbavu. Alisema kwamba tunda moja la kwanza la kumwamini Mungu lilikuwa kupungua kwa ile hamu ya kujitazama.

Lakini hata hapa tarehe hazikubaliani vizuri. Shajara inakoma mwezi Machi 1927. Lewis mwenyewe aliandika kwamba alipiga magoti na kukiri kuwako kwa Mungu katika muhula wa mwisho wa masomo wa mwaka 1929, na Alister McGrath, katika wasifu wake wa Lewis wa mwaka 2013, anaonyesha kwa kutumia barua kwamba huenda ilikuwa mwaka 1930. Imani katika Kristo aliifikia tarehe 28 Septemba 1931, akiwa amepanda pikipiki ya kaka yake, Warren, kwenye kiti cha pembeni, wakielekea bustani ya wanyama ya Whipsnade. Kwa hiyo alikuwa ameacha kuandika miaka miwili au zaidi kabla ya ile imani aliyosema ndiyo iliyomwachisha. Kama angaliendelea kuandika, mabishano ya wasomi juu ya mwaka yangalikwisha. Hakuendelea. Saa iliyo kuu kuliko zote katika maisha yake haimo katika shajara yoyote ya kwake.

6. Mfano wa Luther mwenyewe

Msomaji Mlutheri hatashangaa sana, kwa maana tuna jambo kama hilo nyumbani mwetu. Mwezi Machi 1545, mwaka mmoja kabla ya kufa, Luther aliandika dibaji ya maandiko yake ya Kilatini. Humo alisimulia jinsi alivyolichukia neno "haki ya Mungu" katika Warumi 1:17, hata alipoelewa kwamba ni haki ambayo Mungu humpa mwenye dhambi kwa imani, akajiona kana kwamba ameingia peponi kwa milango iliyo wazi. Ushuhuda huo tunaufundisha kila mwaka. Lakini ulitokea lini? Maelezo yake ya mihadhara juu ya Waraka kwa Warumi, ya miaka 1515–1516, yalichapishwa mwaka 1908, na tangu hapo wataalamu wamekuwa wakipekua kurasa hizo kuitafuta ile siku. Wengine wanaiweka karibu na mwaka 1514, wengine mwaka 1518 au 1519. Ukurasa ulioandikwa "leo nimeelewa" haukuonekana.

Hata hivyo hakuna anayesema kwamba Luther alidanganya. Mihadhara inaonyesha mtu anayesogea hatua kwa hatua. Dibaji inaonyesha mzee aliyegeuka nyuma na kuona kwamba hatua zote zilikuwa njia moja. Na katika mihadhara hiyo hiyo Luther alieleza dhambi kuwa ni hali ya mwanadamu kujikunja kuelekea nafsi yake mwenyewe, hata vipawa vya Mungu akavitumia kwa ajili yake mwenyewe. Lewis aliyeifunga shajara yake alikuwa mtu aliyeanza kukunjuliwa.

7. Mafundisho kwa watumishi wa Kanisa

Kutokana na hayo tunaweza kutaja mambo matatu.

Kwanza, tusiufanye ushuhuda kuwa hati ya polisi. Ushuhuda ni ukiri wa mtu anayetazama nyuma katika nuru aliyoipata baadaye. Ukikosea mwaka au kuipunguza habari fulani, haujawa uongo kwa sababu hiyo. Vilevile mshuhudiaji asijivunie usahihi wa tarehe yake, kana kwamba tarehe ndiyo iliyomwokoa.

Pili, tusimhukumu mtu kwa ukurasa wa leo. Kama mchungaji angalisoma shajara ya Lewis mwaka 1926, angaliweza kusema kwa haki kabisa kwamba ndani yake hamna dalili ya imani. Angalikosea. Luther, akifafanua kifungu cha tatu cha Imani katika Katekisimu Ndogo, anatufundisha kwamba hakuna ajaye kwa Kristo kwa akili au nguvu zake. Ni Roho Mtakatifu aitaye kwa Injili. Naye Bwana alimwambia Nikodemo kwamba upepo huvuma upendako, wala hatujui utokako (Yn 3:8). Kijana wa kipaimara anayesinzia darasani, mama anayekuja kanisani kwa desturi tu, msomi anayetudhihaki: kurasa zao za leo si neno la mwisho.

Tatu, tuwe na kiasi katika kujichunguza. Kujihoji kabla ya kuungama ni jambo jema na la lazima. Lakini kuungama huishia katika ondoleo la dhambi, yaani katika neno linalotoka nje yetu. Mtume Paulo anasema hata nafsi yake haihukumu, kwa maana amhukumuye ni Bwana (1 Kor 4:3–4). Yule msharika anayeugua kwa kukosa tarehe tusimrudishe kuupekua moyo wake tena. Tumwelekeze kwenye ubatizo wake, na kwenye meza ya Bwana, ambako anaambiwa kwamba mwili na damu ya Kristo vimetolewa kwa ajili yake. Hiyo ndiyo tarehe isiyopingika.

8. Hitimisho

Lewis alirudia daftari mara moja tena. Mke wake, Joy Davidman, alifariki kwa saratani tarehe 13 Julai 1960. Katika siku za msiba huo alichukua madaftari matupu yaliyokuwamo nyumbani, akaandika huzuni yake na malalamiko yake kwa Mungu, akaazimia kwamba yakijaa hatanunua mengine. Yalijaa manne, akaacha. Yakachapishwa mwaka 1961 kwa jina la A Grief Observed, bila kutaja jina lake halisi.

Tofauti na kurasa za ujana ni kubwa. Kijana aliandika siku zake na Mungu hakutajwa, ingawa alikuwako. Mzee aliandika kilio, na karibu kila ukurasa unamhoji Mungu, hata pale anapolalamika kwamba mlango umefungwa. Huyo wa pili hakuwa na amani kuliko wa kwanza, ila alijua anasema na nani. Mtume anawaambia Wakolosai kwamba uhai wao umefichwa pamoja na Kristo katika Mungu (Kol 3:3). Uliofichwa huko hauwezi kuandikwa wote katika shajara yetu, wala hauhitaji kuandikwa ili usipotee.